Kitundu Chini ya Tumbo la Bata

Jua limetua, maji ya uvuguvugu yamekwisha changanywa, povu limesimama, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameketi katikati ya beseni kama nahodha ndani ya ngalawa. Mkononi ana bata wa manjano. Anambinya, bata anatema maji, mtoto anacheka. Anambinya tena, maji yanampata mama usoni, kicheko kinazidi. Mara ya tatu maji hayatoki peke yake. Yanafuatana na vipande vyembamba vyeusi, mfano wa majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio, vinasambaa juu ya povu jeupe. Na mtoto, kama ilivyo ada ya umri wake, bata amekwisha mtia mdomoni.

Mama huyo hana jina katika mazungumzo haya kwa sababu ni wengi. Yuko Tabata na yuko Kisauni, yuko Muscat, yuko Toronto na yuko Zürich. Popote alipo, jambo la kwanza analofanya ni kumpokonya mtoto bata. La pili ni kujilaumu. Anajiuliza alikosea wapi, ilhali kila siku anaosha, anasuuza na kuanika. Jirani akisikia huenda akaongeza lake, kwamba nyumba ile haina usafi.

Mazungumzo ya leo yanamtetea mama huyo. Weusi ule una sababu zake, na sababu hizo zilikuwamo ndani ya bata tangu siku aliponunuliwa: plastiki laini, uwazi unaonasa maji, na kitundu kidogo chini ya tumbo.

Kwanza, ni kitu gani kile? Kiswahili kina maneno ya kutosha kukielezea. Kuna kuvu, ile inayoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini na juu ya mahindi yaliyovunwa mvuani. Kuna koga, inayotia madoa nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Na kuna ukoga, ule utando wa njano unaoshika meno yasiyopigwa mswaki. Atakayempasua bata kwa kisu atakuta viwili kati ya hivi pamoja. Chini kabisa, ukiwa umeshikamana na ukuta wa plastiki, upo utelezi, na huo ni ndugu wa ukoga wa meno: bakteria waliojipanga tabaka juu ya tabaka, wakajifunika ute wanaoutengeneza wenyewe. Juu ya utelezi huo, mara nyingi, kuvu nayo imepata pa kuota, na hiyo ndiyo inayoonekana nyeusi.

Undugu huo na ukoga wa meno una historia. Mwaka 1683, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, muuza vitambaa Antonie van Leeuwenhoek aliparura utando kwenye meno yake, akautazama kwa hadubini aliyoitengeneza kwa mikono yake, akaona viumbe vidogo vikitembea. Aliandika barua kwenda London kueleza alichokiona. Tangu siku hizo hadi leo wanasayansi wamejifunza kwamba vijidudu vingi haviishi vikielea kimoja kimoja majini. Hushika ukuta, hujenga utando, na ndani ya utando huo huwa vigumu kuuawa kuliko vinapokuwa nje. Dawa huua vilivyo juu, na vilivyo chini husalimika. Ndiyo maana meno husuguliwa kwa mswaki, wala haitoshi kusukutua maji. Kinywa kinaingilika na mswaki. Tumbo la bata haliingiliki.

Bata wenyewe walikuja kuchunguzwa kwa makini na Waswisi. Karibu na Zürich, katika mji wa Dübendorf, ipo taasisi ya utafiti wa maji iitwayo Eawag. Watafiti wake, Lisa Neu na Frederik Hammes pamoja na wenzao, wakishirikiana na chuo kikuu cha ETH Zürich na Chuo Kikuu cha Illinois cha Marekani, walikusanya vichezeo 19 vya kuogea ambavyo watoto walikuwa wakivitumia majumbani. Wakavikata katikati. Mbali na hivyo walichukua vichezeo vingine sita, vipya na vya aina moja, wakavigawa mafungu mawili. Kwa wiki 11 fungu moja lilitiwa maji safi ya kuogea kabla mtu hajaingia, na fungu la pili likatiwa maji yale yale baada ya watu kuoga, yakiwa na sabuni, jasho na yote yatokayo mwilini. Matokeo yalichapishwa mwezi Machi 2018.

Hakuna kichezeo hata kimoja kilichokutwa kisafi ndani. Vyote, vya majumbani na vya maabara, vilikuwa na utando.

Hesabu zao zafaa zisikilizwe taratibu. Chukua eneo la sentimita moja ya mraba, yaani kama ukubwa wa ukucha wa kidole. Katika vichezeo vilivyotiwa maji safi tu, eneo hilo lilikuwa na bakteria wapatao milioni 5.5 kwa wastani. Katika vile vilivyotoka majumbani walikuwa milioni 9.5. Katika vile vilivyotiwa maji ya watu waliokwisha oga walifika milioni 73. Kuvu ilikutwa katika asilimia 58 ya vichezeo vya majumbani, na katika vyote vilivyotiwa maji machafu.

Msikilizaji na airudie ile hesabu ya kwanza. Maji yalikuwa safi, hayakuguswa na mtoto wala sabuni, na bado ndani ya wiki 11 bakteria walikuwa wamefika mamilioni. Walikula nini?

Walikula bata.

Plastiki laini ya vichezeo hivi huwa laini kwa sababu kiwanda kimeichanganya na vilainishi na viungo vingine. Viungo hivyo havikufungwa imara ndani ya plastiki. Kidogo kidogo hujitoa na kuingia katika maji yaliyo jirani. Aliyewahi kukinga maji kwenye mpira wa bustani uliolala juani mchana kutwa anaijua ladha ile: plastiki imekwisha ingia majini. Kwa ulimi wa binadamu ni karaha, bali kwa bakteria ni kaboni, yaani chakula. Ndani ya bata maji hayatiririki yakaondoka na chakula hicho. Hukaa siku nzima yakigusana na plastiki, katika kiza na katika joto.

Kisha yanakuja maji ya kuogea kukamilisha mlo. Kaboni peke yake haitoshi kukuza viumbe, kama vile ugali mtupu usivyotosha kukuza mtoto. Vinahitajika pia naitrojeni na fosforasi, na hivyo hutoka mwilini na katika sabuni: jasho, mkojo ambao kila mtoto huuachia majini, mabaki ya shampuu na mafuta. Mwili huleta tena bakteria wengine wapya. Mtoto anapombinya bata na kumwachia, bata hunyonya maji hayo yote kwa nguvu. Bomba la sindano halinyonyi vizuri zaidi. Basi kila jioni mlo unaletwa mezani, na kila usiku wenye nyumba wanakula.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wataalamu wa maji ya kunywa wajishughulishe na bata. Sababu ni kwamba bata ni mfano mdogo wa kitu kikubwa. Mpira wa bomba la mvua bafuni, mipira myororo inayounga mabomba na sinki, vifuniko na mirija ya vyombo vya maji, vyote ni plastiki laini inayoguswa na maji yanayosimama. Maji yanaweza kutoka mtamboni yakiwa salama, yakaharibikia mita mbili kabla ya kufika mdomoni. Hammes na wenzake walitaka plastiki zinazogusana na maji ziwekewe masharti makali zaidi, na bata akawa shahidi ambaye kila mzazi anamfahamu.

Sasa swali linalomkera mama pale kwenye beseni: mtoto atadhurika?

Jibu la haki linataka mizani. Katika uchunguzi wa Waswisi, vichezeo vinne kati ya vitano vilikuwa na bakteria wenye uwezo wa kusababisha maradhi, wakiwamo Legionella na Pseudomonas aeruginosa. Majina yote mawili yanajulikana hospitalini. Jina la Legionella linatokana na mkasa wa mwaka 1976, askari wastaafu wa Marekani waliokutana hotelini Philadelphia walipopatwa na homa kali ya mapafu. Bakteria hao huingia mwilini kwa njia ya ukungu wa maji unaovutwa puani, na hustawi zaidi maji yanapokuwa kati ya nyuzi joto 25 na 45, joto ambalo maji ya tangi lililo juu ya paa la Dar es Salaam au Mombasa huwa nalo bila kupashwa moto. Pseudomonas hupenda kila palipo na majimaji. Ndiye chanzo cha kawaida cha maumivu ya tundu la sikio kwa waogeleaji, na huingia pia machoni na katika vidonda.

Kuwapo kwa bakteria, hata hivyo, si sawa na kuugua. Mtoto mzima wa afya hukutana na vijidudu hivi kila siku, udongoni, majini, sakafuni, na kinga ya mwili wake huvimudu. Watafiti wenyewe walieleza pande zote mbili: kukutana na vijidudu kunaweza kuifunza kinga ya mtoto, na kunaweza pia kumletea maambukizi ya macho, masikio au tumbo. Aliyegundua leo weusi ndani ya bata hana haja ya kukimbilia hospitali usiku. Ampokonye mtoto kichezeo, amsuuze uso na mikono, atulie. Akiona siku zinazofuata sikio linauma au linatoa usaha, jicho limekuwa jekundu, au mtoto ana homa, hapo ampeleke kwa daktari na amweleze habari ya kichezeo.

Wapo watoto ambao mizani yao ni tofauti. Ni wale ambao kinga yao imedhoofika: aliyezaliwa njiti, anayetibiwa saratani, mwenye utapiamlo mkali, anayeishi na virusi vya Ukimwi, mwenye kidonda cha moto. Kwa hawa hadhari si ya ziada. Mwaka 1998 madaktari wa jiji la Melbourne, Australia, waliandika juu ya mlipuko wa Pseudomonas uliowapata watoto katika wodi ya saratani. Bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa nyingi. Walipofuatilia chanzo, njia iliwafikisha kwenye vichezeo vya kuogea vinavyobakiza maji ndani. Vilikuwa vimewekwa pale ili kuwaburudisha watoto wagonjwa.

Afrika Mashariki neno kuvu lina uzito wake wa msiba, na ni vizuri mambo mawili yasichanganywe. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwaugulisha watu 317 na kuua 125. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulizifikia familia za Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Ile ni kuvu iliyotia sumu katika chakula kinacholiwa kwa sahani, siku baada ya siku. Kipande cheusi kilichotoka kwenye bata hakipimwi kwa mizani hiyo. Lakini wakulima waliopitia balaa lile walijifunza jambo linalofaa hata bafuni. Wanaambiwa wakaushe mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuyatia ghalani, kwa kuwa kuvu huzuiwa kwa ukavu kabla haijaota, na ikishaota hakuna kuosha kunakoirudisha nyuma. Ghala lenye unyevu na tumbo la bata vina kasoro moja.

Basi kitundu kile kimefikaje pale?

Bata wa kuogea hakuzaliwa nacho. Mwaka 1949 mchongaji sanamu Peter Ganine wa Marekani alipata hataza ya kichezeo cha bata kisichopinduka majini. Baadaye plastiki laini iitwayo vinaili ikachukua nafasi ya mpira wa asili, bei ikashuka, na bata wa manjano akaingia bafu za dunia nzima. Mwaka 1970 kikaragosi Ernie wa kipindi cha televisheni cha Sesame Street aliimba kumsifu bata wake, na tangu hapo picha ya mtoto anayeoga haikukamilika bila ndege huyo. Kitundu kiliongeza raha. Kupitia hicho bata anabinywa akalia, ananyonya maji akayatema. Mtoto hupenda hasa kitu kinachomjibu, na kitundu ndicho kinywa cha bata.

Hata hivyo, bata asiye na kitundu amewahi kutengenezwa, na safari yake inajulikana. Tarehe 10 Januari 1992 meli ya mizigo iliyokuwa ikitoka Hong Kong kwenda Tacoma, Marekani, ilikumbwa na dhoruba katikati ya Bahari ya Pasifiki. Makontena yakaanguka. Moja lilikuwa na vichezeo 28,800 vya kuogea: bata wa manjano, beva wekundu, kasa wa buluu na vyura wa kijani. Maboksi yakalowa na kupasuka, vichezeo vikashika njia. Mwezi Novemba mwaka huo vilianza kutupwa na mawimbi karibu na Sitka, Alaska, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 3,200. Mtaalamu wa bahari Curtis Ebbesmeyer na mwenzake James Ingraham walivitumia kuchunguza mikondo ya maji, na kwa miaka mingi watu waliendelea kuviokota pwani mbalimbali.

Viliwezaje kuelea muda wote huo bila kujaa maji na kuzama? Havikuwa na vitundu. Kiwanda kilikuwa kimeviziba pande zote. Kichezeo kinachoweza kuvuka Pasifiki na tumbo kavu kinaweza kumaliza nusu saa ndani ya beseni.

Hapo kiwandani ndipo lawama inapotakiwa kuelekezwa. Serikali zimekwisha onyesha kwamba zinaweza kukiamuru kiwanda kibadilike. Vilainishi vya jamii ya fathaleti viliposhukiwa kuvuruga homoni za watoto, Umoja wa Ulaya ulivizuia kwa muda mwaka 1999, ukavipiga marufuku moja kwa moja mwaka 2005, aina tatu kati ya hizo zikiwekewa kikomo cha asilimia 0.1 katika vichezeo. Marekani ikafuata mwaka 2008. Na sheria ya Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu usalama wa vichezeo inasema waziwazi kwamba kichezeo cha mtoto wa chini ya miezi 36 lazima kitengenezwe kwa namna ambayo kinaweza kusafishwa. Bata mwenye kitundu cha milimita chache, asiyefunguka, mzazi amsafishe kwa chombo gani? Mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, hukagua vichezeo vinavyoingia nchini ili kubaini ncha kali, vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto, na rangi zenye madini ya sumu. Ukaguzi huo ni wa maana, na swali moja la nyongeza lingefaa kuwekwa juu ya meza hiyo hiyo: je, kitu hiki kinakauka ndani?

Mpaka viwanda vitakaposikia, mama ana beseni lake na jioni yake. Afanyeje?

La kwanza ni kukagua. Bata abinywe juu ya karai jeupe au kitambaa cheupe. Maji yakitoka na vipande, au yakinuka uvundo, au yakiwa na utelezi, kichezeo hicho kimekwisha. Hakifai kuoshwa, kinafaa kutupwa. Wazazi wengi huona uchungu hapo, kwa kuwa nje bado kinang'aa kama kipya. Atakayetilia shaka amkate kwa kisu, mbali na mtoto, kisha avikusanye vipande vyote, maana mtoto wa chini ya miaka mitatu hukabwa na kipande kidogo kwa urahisi zaidi kuliko anavyodhuriwa na kuvu.

Dawa nazo zina mipaka yake. Siki ya dukani, ambayo huwa na asidi kiasi cha asilimia 5, husaidia kichezeo ambacho bado ni kipya: kinyonyeshwe siki iliyochanganywa na maji ya moto kidogo, kikae saa moja, kibinywe, kisuuzwe mara kadhaa. Jiki ina nguvu zaidi, lakini nguvu yake huishia juu ya uchafu. Hupambana na tabaka la kwanza la utando, ikachoka kabla ya kufika chini. Zaidi ya hayo, utando uliouawa hautoki wenyewe. Hubaki umeganda ukutani, na wiki inayofuata bakteria wapya huukuta kama nyumba iliyokwisha jengwa na chakula kiko jikoni. Kuchemsha kunafaa kwa vichezeo vya silikoni. Vya vinaili hulegea na kupoteza umbo.

Lipo onyo ambalo halina mjadala. Jiki na siki havikai chungu kimoja. Mtu aliyeona siki haikutosha akaongeza jiki juu yake anatengeneza gesi ya klorini, ile iliyotumiwa kama silaha katika medani ya Ypres nchini Ubelgiji mwaka 1915. Ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo humkaba mtu kooni na kuchoma mapafu, na mtoto aliye karibu huumia kabla ya mama. Kama dawa moja imetumika, nyingine isiguswe siku hiyo.

Kinachofanya kazi kweli ni ukavu, na ukavu ni mgumu kwa kichezeo chenye kitundu. Kibinywe mpaka tone la mwisho, kielekezwe kitundu chini, kianikwe mahali penye upepo nje ya bafu. Hata hivyo tone litabaki. Katika mwambao, hasa miezi ya masika, hata shati lililo kwenye kamba huchukua siku mbili kukauka, sembuse tone lililofichwa tumboni mwa bata. Baadhi ya wazazi huziba kitundu kwa gundi siku ile ile kichezeo kinaponunuliwa, kabla hakijaonja maji. Njia hiyo ina mantiki, mradi gundi ishike barabara na ikaguliwe mara kwa mara, isije ikabanduka na kuwa tonge mdomoni mwa mtoto. Hammes mwenyewe aliitaja njia ya kuziba, na palepale akakumbuka hasara yake: bata aliyezibwa harushi tena maji usoni mwa mtu.

Jicho linalotafuta kitundu halitaishia kwa bata. Litaona pampu ya mpira ya kunyonya kamasi puani mwa mtoto, nayo ni tumbo lenye tundu moja. Litaona kikombe chenye mrija na kizibo kisichofunguka, chuchu ya chupa yenye ukingo unaoficha maziwa, na mdoli wa kung'ata unaolia ukibinywa. Mwaka 2017 gumzo lilizuka Marekani wazazi walipokata twiga wa mpira wa asili wanaotengenezwa Ufaransa, ambao watoto huwatafuna wakati wa kuota meno, wakakuta kuvu ndani. Twiga yule hakukusudiwa hata kuoga. Maelekezo yake ni kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, asitumbukizwe majini. Tundu la kulizia sauti lilikuwa limetosha kupitisha mate na maji ya kuoshea.

Kuna nyumba nyingi za Afrika Mashariki ambazo bata wa vinaili hajawahi kuingia, na watoto wake hawakukosa kucheza majini. Huogeshwa kwenye beseni uani, na vichezeo vyao ni kikombe cha plastiki, kifuniko cha kopo la maziwa, kata ya kuchotea, kopo lililotobolewa chini likawa manyunyu. Mzigo huu wote una sifa moja ambayo bata hana: mdomo mpana. Maji yanayoingia yanatoka, vidole vinafika ndani, jua linafika ndani. Na mchezo wake si haba. Mtoto anayemimina maji kutoka kikombe kikubwa hadi kidogo, akashangaa yanapofurika, anajifunza ujazo kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi. Anayetaka kununua cha dukani naye atapata: vikombe vya kupangana vyenye matundu wazi chini, mashua za plastiki ngumu za kipande kimoja, samaki wa silikoni wanaofunguka vipande viwili.

Na pale kwenye beseni la jioni ile, bibi ametoka jikoni baada ya kusikia kilio cha mtoto aliyepokonywa.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Tazama, mama. Bata kaoza ndani. Na namwosha kila siku, wallahi."

Bibi anampokea bata, anambinya mara moja juu ya kiganja, anatazama weusi uliobaki mkononi, anamgeuza na kukitazama kitundu. "Utamwosha kwa wapi?" anauliza. "Hana mlango huyu." Anamweka kando kwenye ndoo ya taka, ananawa, kisha anachukua kikombe cha bati kilichokuwa kimefunikwa juu ya ukuta wa uani, kikavu na bado kina joto la jua la mchana. Anachota maji nacho, anayamimina polepole begani mwa mjukuu wake. Kilio kinakatika. Mtoto ananyoosha mkono kukidai kikombe.